Kiwanda Kimeungua: Tuuze Hisa au Tungoje?

SWALI: Chama chetu cha akina mama hapa Umoja kina hisa za kampuni iliyo katika Soko la Hisa la Nairobi. Kiwanda chake kimeungua na bei imeshuka kutoka shilingi 40 hadi 28. Wengine wanataka tuuze, wengine tuongeze. Tutajuaje hasara inaweza kufika wapi?
Mweka hazina, Umoja

JIBU: Dada, bei kushuka hakuonyeshi kwamba hisa sasa ni nafuu. Kadirieni kwanza gharama kubwa kabisa inayoweza kutokea: kujenga upya, mauzo yatakayopotea, na fidia kwa majeruhi na majirani. Tuseme ni shilingi bilioni 3, bima ilipe bilioni 1.2, na kampuni iwe na hisa milioni 100. Pengo la bilioni 1.8 ni shilingi 18 kwa kila hisa, ilhali soko limepunguza 12 tu. Hali hiyo ikitokea, bado kuna shilingi 6 za kupotea.

Fidia ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa maana jengo lina bei inayojulikana, lakini kesi huendelea kwa miaka. Mtambo wa kuchimba mafuta baharini wa Deepwater Horizon ulipolipuka Aprili 2010 na kuua wafanyakazi 11, hisa za kampuni ya mafuta ya BP zilipoteza takriban nusu ya thamani kufikia mwisho wa Juni na gawio, yaani sehemu ya faida wanayolipwa wenye hisa, likasitishwa. Gharama hatimaye zilipita dola bilioni 60, lakini zililipwa kidogo kidogo, na kampuni ilikuwa na mali ya kuuza na mafuta yaliyoendelea kuingiza fedha. Tepco, kampuni ya umeme ya Japani, haikuwa na nafasi hiyo baada ya maafa ya kituo chake cha nyuklia cha Fukushima ya Machi 2011. Mwaka 2012 serikali iliingiza mtaji na kushika usukani.

Kwa hiyo tazameni katika mizania, yaani taarifa ya mali na madeni ya kampuni, kama fedha taslimu zinatosha kulipa mikopo ambayo muda wake wa kulipwa utafika kabla bima haijalipa. Zisipotosha, kampuni huenda ikauza hisa mpya kwa bei ya chini na sehemu yenu ikapungua. Ikifilisika, wadai hulipwa kwanza na wenye hisa mwisho. Madeni yake, hata hivyo, hayatawafuata nyumbani: mtapoteza fedha mlizonunulia hisa, basi.

Mimi nisingeongeza hata hisa moja kabla kampuni haijatangaza kiasi ambacho bima imekubali kulipa, na kama fedha mlizoweka katika hisa hizi ndizo karo ya Januari, ningeuza sehemu sasa.