Mafaili Yaliyopotea Baada ya Kuhamia Linux: Maswali na Majibu

Nilisakinisha Ubuntu nikachagua kufuta diski yote. Picha na hati zangu zilikuwa kwenye D ya Windows. Zitapatikana?

Pole sana. Zima kompyuta sasa hivi. Patisheni (sehemu ya diski, kama D) ikifutwa, vilivyomo hubaki mpaka viandikwe juu, na Ubuntu ikiwa inafanya kazi huandika kila dakika, hata ukiwa hujagusa kitu.

Washa kwa flashi ya Ubuntu, chagua kuijaribu bila kuisakinisha. Tafuta diski ya nje yenye nafasi kubwa kuliko ukubwa wa diski ya ndani, iliyofomatiwa kwa mfumo wa faili wa exFAT; FAT32 haibebi faili linalofika GB 4. Fungua terminal (dirisha la kuandikia amri), andika `lsblk` na usome ukubwa wa kila diski kwa makini. Ukibadilisha chanzo na mahali pa kunakilia, utafuta kilichobaki. Kisha, ukiwa ndani ya folda ya diski ya nje:

`sudo apt install gddrescue testdisk`
`sudo ddrescue -d /dev/sda diski.img diski.map`

Hapo sda ni mfano tu. Yako inaweza kuwa nvme0n1. Kunakili kunaweza kuchukua saa kadhaa, vumilia. Baada ya hapo usiiguse tena diski yenyewe, fanyia kazi nakala: `testdisk diski.img`. Chagua EFI GPT, au Intel kwa mashine ya zamani, kisha Analyse na Quick Search. Isipoonyesha kitu, Deeper Search. Patisheni ya D ikijitokeza, bonyeza P. Ukiyaona majina ya mafolda yako, bonyeza a kuyachagua yote, halafu C kuyanakili.

TestDisk haikuona patisheni. PhotoRec, programu ya kurudisha faili inayokuja pamoja na TestDisk, imerudisha picha, lakini zote zina majina kama f0123456.jpg.

Ndivyo inavyofanya kazi: hutambua faili kwa alama za mwanzo wake, na jina halikai humo. Tarehe ya kupigwa, hata hivyo, mara nyingi imo ndani ya picha. Sakinisha libimage-exiftool-perl, kisha:

`exiftool -r -d %Y/%m '-Directory<DateTimeOriginal' recup_dir.*`

Zitajipanga kwa mwaka na mwezi. Faili lililokuwa limetawanyika vipande diskini, hasa video ndefu, mara nyingi hutoka bovu.

Diski yangu ni SSD, isiyo na sahani zinazozunguka. Hatua ni hizo hizo?

Jaribu, ila matumaini ni madogo. Wakati wa kufomati kwa ext4, mfumo wa faili wa Linux, Linux kwa kawaida huiambia SSD kwamba nafasi yote ni tupu, nayo SSD huifuta yenyewe. Ukisoma ukapata sifuri tupu, hakuna programu ya kukusaidia. Na kama Windows ilikuwa imefungwa kwa BitLocker (usimbaji fiche wa Windows), PhotoRec haitatambua chochote.

Niliacha Windows ibaki pembeni. Linux inaiona D lakini hainiruhusu kuandika.

Hapo hujapoteza kitu. Windows haikuzimwa kabisa, ililala. Ifungue, endesha `powercfg /h off` kama msimamizi, uizime, urudi Linux.