Unajenga ghala Usangu? Kifusi nacho ni mzigo

Kila mavuno ya mpunga yakiisha napigiwa simu na watu wanaotaka kujenga ghala bonde la Usangu. Wengi wameshasikia habari za paili, zile nguzo za zege zinazozamishwa ardhini, na wanataka kujua ziwe ngapi. Mimi huuliza kwanza: kifusi cha kuinua kiwanja utajaza kimo gani?

Wanashangaa. Kifusi wanakihesabu kuwa kiwanja, si mzigo. Haya, tupige hesabu. Magunia ya kilo 100 yakipangwa kumi kwenda juu, panapokaa gunia moja pamebeba tani 1. Kifusi cha moramu iliyoshindiliwa kimo cha mita 1 ina karibu tani 2 kwa kila mita ya mraba. Tena mpunga utauzwa bei ikipanda, moramu haiondoki.

Udongo wa mfinyanzi, laini na uliojaa maji, ukibebeshwa uzito huo haushuki siku hiyohiyo. Maji hukamuka polepole, na udongo hubonyea kadiri yanavyotoka. Mhandisi wa udongo Karl Terzaghi aliieleza hesabu ya mwendo huo miaka ya 1920: tabaka likiwa nene mara 2, muda wa kushuka unakuwa mara 4. Hata maji yakishatoka, udongo huendelea kushuka kidogo kidogo.

Paili zako zimesimama kwenye tabaka gumu, udongo unashuka pembeni. Udongo huo unazishika ubavuni na kuzivuta chini, kwa hiyo zinabeba ghala pamoja na udongo. Niliwahi kuitwa kwenye ghala ambalo kuta hazikuwa na ufa, ila sakafu ilikuwa imezama hadi kiganja kinapita kati yake na ukuta. Bomba la maji lilikatika palepale linapoingia ndani. Mwenye ghala akawa ananionyesha karatasi za majaribio, paili zote zimefaulu. Ni kweli zilifaulu! Jaribio la siku moja mbili hupima paili. Halikuambii udongo utakuwa wapi baada ya miaka mitano.

Ushauri wangu: jaza kifusi kwanza, uache msimu wa mvua upite, ikibidi miwili. Kabla ya kujaza, laza bamba la chuma lenye fimbo ndefu inayotokeza juu, mpima aje na leveli kila mwezi aone fimbo imeshuka kiasi gani. Vipimo vikitulia, ndipo uite mashine ya paili. Utafiti wa udongo nao usiishie kwenye ncha ya paili, kwa sababu kundi la paili hupeleka uzito chini zaidi kuliko paili moja, na tabaka laini likijificha huko litashusha jengo zima. Sakafu ama ikae juu ya paili, ama itenganishwe na kuta tangu kwenye mchoro.

Huna muda wa kusubiri? Mhandisi auingize kwenye hesabu ule mvuto wa udongo unaozivuta paili chini. Paili zitakuwa ndefu au nyingi zaidi, na sehemu ya juu inaweza kupakwa lami ili udongo uteleze. Gharama itapanda sana. Kwa ghala dogo la magunia mia mbili tatu, mimi ningetafuta kiwanja kingine kwenye mwinuko.