Kabla ya fundo, ijue kamba: ushauri kwa anayeanza kufunga na kusuka

Vijana wengi huniuliza waanze na fundo gani. Huwajibu waanze na kamba. Nunua vipande viwili vya mita 2 kila kimoja, unene wa kidole kidogo: kimoja cha katani, kingine cha manila, hii ya plastiki inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Funga fundo lilelile kwenye vyote viwili, kaza, kisha tikisatikisa. Katani ina vinyweleo, hujishika yenyewe. Manila ni laini na ina kiburi. Fundo lililotulia tuli kwenye katani utaliona kwenye manila linaanza kulegea taratibu mbele ya macho yako. Somo hilo moja lina faida kuliko kukariri mafundo ishirini.

Nimekulia Tanga, na kwetu kamba ilikuwa katani. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ukashika ardhi kuanzia Pangani hadi Korogwe, na katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kisha kamba za viwandani za nailoni na plastiki zikafika, bei ya mkonge ikaanguka, na mikono ya wavuvi ikalazimika kujifunza upya. Wazee walionifundisha walikuwa wamepitia mabadiliko hayo. Mafundo yao yalikuwa yaleyale ya tangu zamani, lakini wakishika manila huongeza mzunguko mmoja na kuacha ncha ndefu. Nakuomba uige tabia hiyo tangu siku ya kwanza: kwenye manila acha ncha iliyobaki iwe na urefu wa angalau mara kumi ya unene wa kamba, na ukiwa na shaka ongeza mzunguko.

Halafu sokota kamba yako mwenyewe, hata kama ni ya shibiri mbili. Chukua nyuzi chache za katani, ziviringishe kwa kiganja juu ya paja, kuelekea upande mmoja tu, mpaka zikaze na kuanza kujikunja. Shika katikati, zikunje ncha zikutane, achia. Pande mbili zitazungukana zenyewe, kwa kinyume cha ulivyosokota. Hapo ndipo ilipo siri yote ya kamba: uzi unataka kufunguka upande huu, kamba inataka kufunguka upande ule, na kila mmoja unamzuia mwenzake. Kina mama wa Paje na Jambiani, Unguja, wanafanya hivyo hivyo kwa usumba. Hufukia makumbi ya nazi kwenye mchanga wa pwani unaofunikwa na maji kujaa, wakayaacha miezi kadhaa yaoze, kisha huyafukua, huyaponda kwa magongo, huyaosha na kusokota kwa mikono. Kamba ya usumba haiogopi maji ya chumvi. Ndiyo iliyoshona mbao za mitepe ya Lamu, vyombo vilivyosafiri baharini bila msumari hata mmoja. Nikifikiria kwamba watu walikabidhi roho zao kwa kamba iliyosokotwa juu ya paja, huona haya kuona mtu akiidharau kazi hii.

Sasa mafundo. Nitakupa machache, kwa sababu ukiyaweza haya vizuri utapita nayo karibu kila mahali.

La kwanza ni kitanzi kisichokaza. Hiki ndicho cha kufungia mtumbwi kwenye kigingi, cha kuteremshia ndoo kisimani, na cha kumfunga mbuzi shingoni, maana hata mbuzi akivuta namna gani kitanzi hakimnyongi. Fanya kitanzi kidogo, upande wa ncha ukipita juu ya upande wenye mzigo. Toa ncha kwa chini ipande ndani ya kitanzi, izungushe nyuma ya upande wenye mzigo, irudishe kitanzini ishuke. Kaza. Uzuri wake ni kwamba hata kikibeba mzigo mzito siku nzima, ukisukuma ule mkunjo wa nyuma kwa dole gumba kinalegea. Fundo lisilofunguka bila kisu linakula kamba, na kamba ni pesa.

La pili ni la kufungia kamba kwenye mti au nguzo: zungusha mti mara mbili kamili, kisha funga mafundo mawili ya nusu (ncha inazunguka kamba mara moja na kupita chini ya yenyewe) juu ya upande wenye mzigo, yote kuelekea upande mmoja. Watu huruka ile mizunguko miwili wakidhani haina kazi, kumbe ndiyo inayobeba. Mzigo unaishia kwenye msuguano wa kamba na mti. Mafundo ya nusu yanalinda tu. Ndiyo maana unaweza kulifungua fundo hili hata chombo kikiwa kinavuta, ukaachia kidogokidogo bila kuchunwa viganja.

La tatu ni la kuunga kamba mbili, hasa zikiwa na unene tofauti. Kunja ile nene iwe mkunjo, leta ncha ya nyembamba kutoka chini ipande ndani ya mkunjo, izungushe nyuma ya shingo zote mbili, kisha ipitishe chini ya yenyewe. Isirudi ndani ya mkunjo. Kwa manila zungusha shingo mara mbili. Ukikaa na mvuvi anayeshona nyavu utashangaa: kila jicho la wavu limefungwa kwa fundo hilihili, sindano ikipita haraka kiasi kwamba huoni hatua zake. Mimi nililielewa pale, nikiwa nimekaa chini ya mti wa mkungu na mzee mmoja mwenye wavu magotini. Nilikuwa nimekodolea mikono yake. Akaniambia, "Mwanangu, acha vidole vyangu. Angalia ncha inakokwenda." Maneno hayo nimeyapitisha kwa kila niliyemfundisha, kwa sababu vidole vya kila mtu hufanya kazi kwa namna yake, lakini njia ya ncha ni moja.

Kuna fundo ambalo kila mtu analijua na wengi wanalifunga vibaya: lile la kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia, tunalofungia vifurushi. Ukirudia kulia juu ya kushoto mara mbili unapata ndugu yake asiyeaminika. Utawatofautisha kwa kuangalia ncha: kwenye lililo sawa, ncha zinalala sambamba na kamba, kwenye lile bovu zinatoka kando, kama mikono iliyonyooshwa. Na hata lililo sawa ni la kifurushi, bandeji, mdomo wa gunia. Usiungie kamba mbili za kubeba mzigo kwa fundo hilo. Likigongwa au likivutwa ncha moja linageuka na kuteleza lote.

Kwa wanaopakia mizigo, kaeni na utingo wa lori la mkaa. Atafunga kitanzi katikati ya kamba, apitishe ncha kwenye ndoano ya bodi, airudishe ndani ya kile kitanzi na kuvuta chini. Kitanzi kinafanya kazi ya kapi, na mtu mmoja anakaza mzigo ambao kwa kawaida ungehitaji wawili. Mpira wa bodaboda ni mzuri kwa begi. Kwa magunia tumia kamba, kwa sababu mpira unanyumbuka kwenye kona na mzigo unahama.

Mazoezi yafanye na uzito. Fundo lililofungwa hewani, sebuleni, halijakufundisha lolote. Jaza maji ndoo ya lita 20, hiyo ni kilo 20, ining'inize usiku kucha karibu kabisa na ardhi isije ikamwangukia mtu. Asubuhi tazama limeteleza kiasi gani, kisha jaribu kulifungua kwa vidole. Baadaye funga ukiwa umefumba macho, halafu mikono ikiwa imelowa, halafu kamba ikiwa nyuma ya mgongo. Fundo utalihitaji gizani, mvua ikinyesha, na mtu anapiga kelele "Funga! Funga!"

Kagua kamba pia. Kamba hukatikia pabovu, na pabovu mara nyingi pako ndani. Fungua nyuzi zake kidogo kwa vidole: katani ikitoa vumbi na harufu ya kuoza imekwisha, manila iliyopauka na kumomonyoka unga imeliwa na jua. Kumbuka fundo lenyewe laweza kuipunguzia kamba hata nusu ya nguvu yake, kwa hiyo usinunue kamba inayotosha mzigo wako kwa shida. Ncha za katani zifunge kwa uzi mwembamba zisifumuke. Za manila ziyeyushe kwa moto, na tone lake usiliguse, linang'ang'ania ngozi likiwa linawaka. Kuhusu kamba ya kumbeba binadamu, iwe ya mkwezi, fundi wa paa au mchimba kisima, nina msimamo mkali: jifunze kwa mtu anayefanya kazi hiyo, ana kwa ana, na usijaribu ulichokiona kwenye simu.

Nimeacha mapambo mwisho kwa makusudi. Anayejua kusuka nywele au ukili wa mkeka tayari ameshapita darasa la kwanza, na nimeona mabinti waliokuwa wakiwasuka wadogo zao wakiwapita wanaume wa bandarini kwa siku chache tu. Ukitoka kwenye msuko wa nyuzi tatu, nenda kwenye wa nne wa mviringo: chukua uzi wa nje kulia, upitishe nyuma ya zile mbili za kati, urudishe mbele juu ya mmoja, ubaki upande wake. Fanya vilevile kwa kushoto. Rudia ukivuta kwa nguvu ileile kila mara. Msuko huu unatoa kishikio cha funguo, mkanda wa mkoba, hata kamba ya ng'ombe inayopendeza.

Kwenye makrame, yaani mapambo ya kufunga nyuzi kwa mafundo, utakutana tena na wale ndugu wawili wa kifurushi. Weka nyuzi mbili katikati kama kiini, kisha funga kwa nyuzi mbili za pembeni. Ukibadilisha upande kila nusu ya fundo, unapata mkanda bapa ulionyooka. Ukirudia upande uleule bila kubadilisha, mkanda unajisokota wenyewe kama ngazi ya mzunguko. Lile fundo bovu la kubebea mzigo ndilo pambo zuri kuliko yote, na anayeanza na pambo bila kulijua fundo hataelewa kwa nini mkanda wake umepinda.

Kwa kining'inizo cha kwanza cha chungu cha maua, tumia uzi wa pamba uliosokotwa, maana hauchomi vidole na fundo likikosewa linafunguka. Nyuzi za kufungia zikate mara nne hadi tano ya urefu unaotaka upatikane. Za kiini zinatosha urefu wenyewe pamoja na shibiri moja ya kumalizia. Ukiishiwa uzi katikati, usiunge kwa fundo linaloonekana: ingiza uzi mpya sambamba na kiini, funga juu yake mara tatu au nne, kisha kata ncha ya zamani kwa nyuma.