Les Paul Junior ya zamani: pikapu moja inatosha, angalia shingo

Mkuu, swali lako ni kama uchukue lile gitaa la umeme la Gibson, Les Paul Junior ya 1957 uliyoletewa, maana ina pikapu moja tu (kile kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi) na wenzako kwenye bendi wanasema utajifunga. Mimi ninayo ya mwaka huohuo. Nimeipigia bluzi, rege na roki kwa zaidi ya miaka 10, na sijawahi kushuka jukwaani nikitamani pikapu ya pili. Kama kuna kitu cha kukukosesha usingizi kwenye gitaa hilo, ni shingo na daraja, yaani kile kipande kinachoshika nyuzi mwilini. Nitafika huko.

Kampuni ya Gibson ya Marekani walianza kuitengeneza mwaka 1954 kiwandani kwao Kalamazoo, Michigan, kwa ajili ya wanafunzi wa gitaa. Bei ilikuwa chini ya nusu ya Les Paul kubwa ya rangi ya dhahabu, kwa hiyo ikabidi vitu vipunguzwe: mwili ni mahogani bapa bila ile mbao ya pili iliyotuna juu, ubao wa vidole una nukta tu, kuna kitufe kimoja cha kuzungusha cha sauti na kimoja cha toni. Yako mwili wake umekatwa upande mmoja wa shingo, ukabaki na pembe moja. Zenye pembe mbili zilianza 1958, na hizo mkono unafika freti ya 22 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza ubao wa vidole) bila kusumbuka.

Sasa pikapu yenyewe. Inaitwa P-90. Ndani kuna waya mwembamba wa shaba uliozungushwa kama mara 10,000, chini yake sumaku mbili bapa, na skrubu sita zinazofikisha nguvu ya sumaku karibu na nyuzi. Uzi ukitikisika juu yake, waya unazaa umeme mdogo unaokwenda kwenye amplifaya. Kwa kuwa koili, yaani huo waya uliozungushwa, ni moja, inanasa pia mvumo wa nyaya za umeme za ukumbini, na hilo utalisikia siku ya kwanza. Geuka taratibu ukiwa umelivaa gitaa, kuna pembe utakayosimama mvumo ukapungua sana. Mimi kila ukumbi huitafuta hiyo pembe kabla watu hawajaingia.

Kinachowapotosha wengi ni kudhani sauti inabadilishwa kwa swichi. Kwenye Junior inabadilishwa kwa mkono wa kulia. Piga kodi ya A, yaani noti zake kadhaa kwa pamoja, karibu kabisa na daraja: sauti ni nyembamba, inauma. Sogeza mkono mpaka pale ubao wa vidole unapoishia, kodi ileile, nguvu ileile: inakuwa nene, ya mviringo, na mtu aliyefumba macho atakuapia umehamia pikapu ya shingoni. Kisha kuna kitufe cha sauti. Naiweka amplifaya mahali ambapo kitufe kikiwa 10 inakwaruza vizuri. Mwimbaji akianza, nashusha hadi 5, ukwaruzaji unaisha na kila uzi unasikika peke yake ndani ya kodi. Kiitikio kinapokaribia nakizungusha kwa kidole kidogo bila kuacha kupiga. Kati ya 5 na 7 kuna sehemu ambayo ukigusa nyuzi polepole ni safi, ukizichapa zinachanika. Miezi yangu ya kwanza yote niliimalizia hapo, kati ya namba hizo mbili, na bado ndipo ninapopapenda kuliko popote.

Wasikilize wapigaji wa Junior wenyewe. Leslie West wa bendi ya Mountain alikuwa na noti chache, kila moja anaitikisa mpaka inaimba. Johnny Thunders wa New York Dolls alilichapa gitaa la aina hiyohiyo mpaka likapiga kelele. Mick Jones wa The Clash naye alilitumia, Keith Richards ana la manjano lenye pembe mbili, na Billie Joe Armstrong wa Green Day ana la 1956 alilolipa jina Floyd. Pikapu ni ileile kwa wote hao, na hakuna wawili utakaowachanganya. Bob Marley, ambaye wengi hudhani pichani ameshika Junior, alipiga Les Paul Special, gitaa linalofanana na Junior ila lina P-90 mbili.

Wenzako wanaweza kukutajia John Lennon. Ni kweli, Junior yake aliiongezea pikapu upande wa shingo, na ndiyo aliyopigia Madison Square Garden mwaka 1972. Lakini nakusihi, usiichimbe mbao ambayo haijaguswa tangu 1957. Tundu hilo halizibiki likarudi kama lilivyokuwa. Ukihitaji pikapu mbili, tafuta Special.

Haya, shingo. Kichwa cha gitaa hili kimelala nyuma digrii 17, na pale karibu na nati, kile kipande kinachoshika nyuzi mwisho wa shingo, ndipo mbao ilipochimbwa ili chuma cha ndani ya shingo kiweze kukazwa. Pamebaki pembamba. Gitaa likianguka chali, hata likiwa ndani ya kasha, hupasuka hapo. Aliyeniuzia langu aliniapia halijawahi kuguswa na gundi. Siku nilipotoa nyuzi zote na kulaza tochi ubavuni mwa shingo, mwanga ukipita juujuu ya rangi, nikaona mstari mwembamba kama unywele umekatiza chini ya kichwa. Vidole vilikuwa vimepita hapo mara nyingi bila kuuhisi. Niliumia sana, kwa sababu ufa kama huo hushusha bei mno na mimi nilikuwa nimelipa bei ya zima. Fundi aliukagua, akasema gundi imeshika, na mpaka leo halijacheza. Kwa hiyo lenye ufa uliounganishwa vizuri ni gitaa zuri la kupigia, ila lilipiwe kama lenye ufa. Nenda na tochi.

Daraja ni kipande kimoja cha alumini, nyuzi zinaingia mbele na kulizunguka. Lilipangwa enzi ambazo uzi wa tatu ulikuwa umezungushiwa waya. Ukiweka nyuzi za leo, ambazo huo uzi wa tatu, G, ni mtupu bila waya wa kuzungushia, nyuzi zote zitakaa kwenye sauti yake isipokuwa G ukipanda freti za juu: inazidi kidogo, na sikio lako litachoka nayo. Kuna skrubu mbili ndogo nyuma za kulisogeza, lakini zinasogeza daraja zima kwa mshazari, si uzi mmoja. Mimi nimeweka daraja la kisasa lenye matuta yaliyopangiwa G tupu, limeingia kwenye matundu yaleyale. La asili nimelifunga kitambaa na liko kwenye kasha.

Kuhusu mwaka, namba ya wino nyuma ya kichwa ianze na 7. Ukiruhusiwa kufungua kifuniko cha nyuma, tazama tarakimu zilizogongwa kwenye potenshomita, vile vidude vya umeme vilivyo chini ya vitufe: tatu za kwanza ni za kampuni iliyozitengeneza, ya nne ni mwaka, mbili za mwisho ni wiki. Mwaka ukiwa wa mbele kuliko wa gitaa, uliza nani alizibadilisha na kwa nini.

Ukishakwenda kuliona, weka hapa picha ya nyuma ya kichwa iliyopigwa kwa mwanga wa ubavuni, na nyingine ya ndani ya kifuniko. Nitazitazama usiku huohuo.