Kutoa na kurudisha geji za Land Rover 109 Series IIA: yaliyonikuta kwenye gari la mzee

Mkuu, umeuliza geji za 109 yako zinatokaje bila kubomoa dashibodi, na kama ni sawa kupaka paneli rangi kabla ya kuzirudisha. Nimeifanya kazi hiyo kwenye pikapu ya 1969 aliyotuachia mzee, hapa Morogoro, na hilo la rangi ndilo lililonitesa. Nitakueleza kwa kirefu.

Kuzitoa si kazi. Kwenye Series IIA geji zote zimekaa kwenye paneli moja ya bati katikati ya dashibodi, na paneli inatokea upande wa viti, kwa hiyo huhitaji kulala chali chini ya usukani. (Series III, iliyoanza 1971, ndiyo iliyohamishia geji mbele ya dereva.) Ila chomoa betri kwanza. Nyuma ya ile paneli kuna nyaya zinazotoka kwenye betri bila kupita kwenye fyuzi. Bisibisi ikigusa hapo na bodi kwa pamoja, nyaya zinaungua hujawahi hata kushtuka. Na kama gari lako ni la kabla ya 1967, angalia betri imefungwaje, maana magari ya wakati huo chanya ndiyo iliyokuwa inakwenda kwenye bodi.

Ukishafungua skrubu, vuta paneli taratibu. Utahisi kitu kinaishika: ni kebo ya spidi. Usilazimishe. Ingiza mkono nyuma, fungua nati yake kwa vidole, ndipo paneli ije yote. Kabla hujachomoa waya wowote, funga kila mmoja kikaratasi chenye namba. Picha ya simu peke yake haitoshi, kwa sababu nyaya za umri huu zimefifia na nyingi zinafanana. Futa kila waya kwa kitambaa chenye petroli kidogo uone rangi yake ya asili: kijani chenye mstari mweusi ni wa mafuta, kijani chenye mstari wa buluu ni wa joto la maji, mweusi mtupu ni ethi, yaani unaoungana na bodi ya gari.

Geji zenyewe zinashikwa na vibati vilivyopinda nyuma, vyenye nati za kukaza kwa vidole. Zikaze kwa vidole hivyo hivyo. Ukitia spana unaibana geji dhidi ya bati mpaka kioo kinapasuka, na kioo cha zamani hukipati kirahisi.

Sasa rangi. Fundi wetu aliipiga paneli msasa, akaipaka nyeusi mbele na nyuma, mpaka ndani ya matundu ya skrubu. Ikapendeza kweli. Tukafunga, tukawasha. Mshale wa mafuta ukapanda hadi mwisho ilhali nilikuwa nimetia lita kumi tu. Nikadhani ni boya la tanki, lile linalopima mafuta. Safari ya kwanza kwenda Mikese, mshale wa joto nao ukapanda ukakaribia nyekundu. Nikasimama kando ya barabara, nikasubiri maji yachemke. Hayakuchemka. Nikaambiwa ni thamostati, nikanunua. Nikaambiwa ni rejeta, ikashushwa ikazibuliwa. Mshale uko pale pale. Hela iliniuma, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimeanza kuitilia shaka injini ya mzee, na haikuwa na kosa.

Mzee mmoja fundi umeme aliniuliza swali moja tu: "Na ya mafuta inasoma juu?" Nikasema ndiyo. Akasema basi kaa mbali na injini, fungua paneli.

Nyuma huko kuna kikopo kidogo cha bati chenye alama B na I. B inapokea umeme wa betri, I inapeleka kwenye geji ya mafuta na ya joto kwa wastani wa volti 10. Kinafanya hivyo kwa kukata na kuunga umeme mfululizo, na ili kikate lazima mwili wake uguse ethi. Rangi ikizuia, hakikati tena. Geji zote mbili zinapata umeme wote wa betri na mishale inapanda. Yule fundi alikwangua rangi mahali padogo, upana wa ukucha, chini ya kikopo, kisha akavuta waya mweusi kutoka kwenye paneli hadi kwenye bodi. Nikaiona mishale yote miwili ikishuka polepole, ikatulia mahali pake. Sitaisahau.

Kwa hiyo paka rangi mkuu, gari linastahili. Ila nyuma ya paneli acha bati tupu chini ya kikopo na chini ya vile vibati, kwa kuwa balbu za geji nazo hupata ethi humo humo. Huo waya wa ethi wa ziada uweke hata kama unaona hauhitajiki. Na balbu badilisha zote paneli ikiwa nje, ni za wati 2.2 za kukaza kwa uzi.

Kebo ya spidi ipitishe bila kona kali. Uzi wake wa ndani upake grisi kidogo, lakini sentimita 20 za juu uziache kavu, la sivyo grisi hupanda ikaingia kwenye mita.

Geji ya mafuta ikigoma peke yake wakati ya joto inasoma vizuri, hapo acha paneli. Kwenye pikapu kama hii ya mzee, inua kiti cha mbele cha kulia, chomoa ule waya wa kijani chenye mstari mweusi juu ya tanki, uguse kwenye bodi kwa sekunde chache swichi ikiwa imewashwa. Mshale ukipanda, geji ni nzima, na tatizo liko kwenye boya au ethi ya tanki.