Watakatifu Hawamzibi Kristo

Wiki hii jarida limetuuliza kama wingi wa siku za watakatifu katika kalenda ya Kanisa Katoliki unampunguzia Kristo nafasi yake. Jibu langu ni hapana, na ushahidi wangu nautoa katika kalenda yenyewe.

Heshima hii ina mizizi mirefu. Katikati ya karne ya 2, baada ya askofu wao Polikarpo kuuawa, Wakristo wa Smirna, mji uliopo Uturuki ya leo, waliandika barua wakieleza jinsi walivyoikusanya mifupa yake na nia yao ya kukutana kila mwaka kuadhimisha siku ya kifodini chake, yaani kuuawa kwa ajili ya imani, ambayo waliiita siku ya kuzaliwa, maana ndiyo aliyozaliwa mbinguni. Katika barua hiyo hiyo walibainisha kwamba Kristo wanamwabudu kwa kuwa ni Mwana wa Mungu, ilhali mashahidi, yaani waliouawa kwa ajili ya imani, wanawapenda kama wanafunzi wa Bwana. Ndiyo maana hadi leo watakatifu wengi hukumbukwa siku waliyofariki, nasi huadhimisha kuzaliwa duniani kwa watatu tu: Bwana mwenyewe, Mama yake tarehe 8 Septemba, na Yohane Mbatizaji tarehe 24 Juni.

Tazama sasa kinachotokea Kwaresima. Mwanateolojia Tomaso wa Akwino alifariki tarehe 7 Machi 1274, na Papa Gregori Mkuu tarehe 12 Machi 604. Kwa karne nyingi waliadhimishwa katika tarehe hizo, ambazo kwa kawaida huangukia Kwaresima. Papa Paulo VI alipoidhinisha kalenda mpya mwaka 1969, akifuata agizo la Mtaguso wa Pili wa Vatikano kwamba sikukuu za watakatifu zisiyatangulie mafumbo ya wokovu, yaani maadhimisho ya matendo ya Kristo yanayotuokoa, Tomaso alihamishiwa 28 Januari na Gregori 3 Septemba, siku aliyowekwa wakfu kuwa askofu. Kumbukumbu, yaani siku za watakatifu za ngazi ya chini, zilizobaki ndani ya Kwaresima, hata zile za lazima, huwa za hiari. Dominika, yaani Jumapili, nayo huzifunika kumbukumbu zote, na hata Mtakatifu Yosefu, mwenye hadhi ya sherehe, ngazi ya juu kabisa, 19 Machi ikiwa Dominika ya Kwaresima husogezwa siku nyingine. Sioni namna iliyo wazi zaidi ya kusema nani ni Bwana na nani ni mtumishi.

Wapo wanaosikitika kwamba mwaka ule baadhi ya majina, likiwemo la Kristofa, yaliondolewa katika kalenda ya Kanisa zima. Masikitiko yao nayaheshimu, lakini kuondolewa huko hakukumvua mtu utakatifu. Kristofa bado yumo katika orodha ya mashahidi, na mahali anapoheshimiwa aweza kuadhimishwa. Kadhalika Patrisi, ambaye tarehe 17 Machi ni kumbukumbu ya hiari kwa Kanisa zima, nchini Ireland ana sherehe kamili.

Anayebaki na shaka na aisikilize kwa makini Sala ya Mwanzo katika Misa ya mtakatifu yeyote, hasa ya somo wake, yaani mtakatifu anayechukua jina lake. Sala hiyo haielekezwi kwa mtakatifu. Inamtaja, inamshukuru Mungu kwa kile alichomjalia, inaomba nasi tupewe neema kama hiyo, kisha inahitimishwa kwa njia ya Bwana wetu Yesu Kristo.