Kabla Hujampa Mwanao Dayati, Jisikilize Wewe Kwanza

Wiki hii nimepata ujumbe wa mama mmoja wa Morogoro. Naufupisha: "Dada, shikamoo. Binti yangu ana miaka 9, amenenepa sana, wenzake shuleni wanamwita bonge. Mimi mwenyewe niko kwenye dayati, wali nimeacha kabisa. Naomba ratiba ya kumpunguza kabla hajaingia darasa la tano."

Marahaba, mdogo wangu. Ratiba sikupi. Ujumbe wa aina hii naupata mara kwa mara, na karibu wote, kabla sijafika mwisho, mama ameshataja dayati yake yeye. Tatizo naliona hapo, na nalijua kwa sababu nimelelewa ndani yake.

Nimekulia Tanga, Ngamiani, kwenye nyumba inayopenda kula. Baba alikuwa mfanyabiashara mwenye kitambi, na kitambi kile kilikuwa sifa ya nyumba nzima. Wageni walikigonga gonga kwa kiganja wakisema, "Mzee, mambo si haya!" Akichinjwa kuku, firigisi ya baba, paja la baba, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Mama naye alikuwa mnene, unene wa kawaida wa mwanamke aliyezaa, lakini wake haukuwahi kusifiwa na mtu. Yeye alikuwa na maji ya moto na limau kila asubuhi, mkanda wa tumbo ndani ya dera, na kauli yake ya kila jioni: "Mimi usiku sili."

Alitupakulia wali wa nazi na samaki, akakaa pembeni ya mkeka anatutazama. Tukishamaliza alibeba vyombo kwenda jikoni, na baada ya dakika chache ukisikiliza vizuri unasikia kijiko kinakwangua sufuria. Anakula ukoko, amesimama, mgongo kaupa mlango. Siku moja niliingia ghafla akashtuka, akaniambia anaosha vyombo, mdomo umejaa.

Hakuna aliyenifundisha kitu pale. Lakini tangu utotoni nilishajua kwamba mwanamke akitaka kushiba anajificha. Nami nikaanza yangu: kipande cha mkate wa kumimina kwenye mfuko wa sketi, sukari ya kulamba stoo nyuma ya gunia la mchele. Nilinenepa, ndiyo.

Nikiwa na miaka 12 ilikuwepo harusi ya binti wa shangazi, tukapelekwa kwa fundi kushonewa sare. Mnawajua mafundi wetu: anapima, anatamka kwa sauti, kijana wake anaandika kwenye daftari. Binamu zangu walipita bila neno. Nilipofika mimi, fundi aliusoma ule utepe mara mbili, akamgeukia mama: "Mama, huyu kitambaa hakitoshi, ongeza yadi." Kibaraza kizima kikacheka. Mama naye akacheka, akasema, "Huyo kamrithi baba yake."

Nina miaka arobaini na ushee sasa na kwa fundi siendi. Nanunua za dukani, zikinipwaya au zikinibana, potelea mbali. Wanaosema utani wa ndugu hauumizi waje wazungumze na mimi.

Baada ya harusi ile mama aliamua kunisaidia. Akaanza kunipimia wali kwa kikombe cha chai, biskuti zikapandishwa juu ya kabati. Aliniokoa kwa akili yake, simlaumu, Mungu ampe maisha marefu. Ila niwaambie kilichotokea: kutwa nzima nikawa nawaza lile kabati. Wakati mchana uliotangulia nilikuwa nacheza rede na nimesahau kama biskuti zipo!

Ukubwani nikakutana na kazi ya Leann Birch, mtafiti wa Marekani aliyetumia maisha yake kuchunguza watoto wanavyojifunza kula. Mwaka 1999 yeye na mwenzake Jennifer Fisher walichapisha jaribio: watoto wa chekechea waliwekewa biskuti mbele ya macho yao lakini wakaruhusiwa kuzila kwa muda mfupi tu. Biskuti zile zilizowekewa mipaka ndizo watoto walizozizungumzia na kuzitaka zaidi, kuliko zile zilizokuwa wazi. Nilisoma nikalia. Nilikuwa mimi kabisa, na kabati la Ngamiani.

Chuo, ndoa, kupungua, kunenepa tena, majani ya kupunguza tumbo ya mtaani, hayo nayaruka. Wengi wenu mmeyapitia.

Nilipoanza kulea wangu nilishika kanuni moja, ya mtaalamu wa lishe Ellyn Satter, naye wa Marekani. Mzazi anaamua kinaliwa nini, saa ngapi, na wapi. Mtoto anaamua kula au kutokula, na kiasi gani. Basi. Ukiisoma unaona rahisi. Subiri mama mkwe aje kutoka Moshi! "Mtoto kabakiza chakula na wewe umekaa? Maliza hicho, kuna watoto wanalala njaa!" Tulinuniana kwa siku kadhaa kwa ajili ya vijiko vitatu vya ugali. Namwelewa, lakini. Kizazi chake kilipima malezi kwa uzito. Hata leo, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta kati ya watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Kliniki mama anaogopa mstari wa kadi ushuke, hakuna anayeogopa upande. Mtoto mnene kwetu ni cheti cha ndoa njema.

Nilikaza. Leo binti yangu anasema "nimeshiba" na nyama bado ipo kwenye sahani. Anakula mbele za watu, tena anaomba nyongeza mbele za watu. Mwili wake una upana wa kwetu, na hilo sina vita nalo, kwa maana umbo tunarithi pia, na ratiba ya chakula haiwezi kubadili kila kitu. Juzi alikuwa mbele ya kioo na gauni la Iddi akasema, "Mama, nimependeza." Hakuuliza! Nina haki ya kujivuna, niacheni.

Sasa wewe wa Morogoro. Umeacha wali, lakini watoto unawapikia? Basi kila siku unamwonyesha binti yako kwamba chakula anachokula yeye ni sumu kwako. Pika chakula kimoja, mle wote. Kaa nao. Pakua sahani yako, iweke mbele yao, ule umekaa. Mboga ukitaka wale, wakuone wewe unakula mchicha na unaufurahia. Akikataa leo mwekee tena wiki ijayo bila kelele, maana mtoto anaweza kuhitaji kuonja kitu mara kumi na zaidi ndipo akikubali kitu hicho. Na ukae nao, narudia. Soda msiifungie kabatini, isinunuliwe tu kila siku, kwa wote, na baba yao akiwemo. Chupa ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko tisa vya chai. Huwezi kumwambia mtoto anywe maji huku povu la soda liko kwenye masharubu yako.

Na ulimi, mama zangu. "Nimekuwa kama pipa." "Mikono hii sivai nguo isiyo na mikono." Binti yako anayasikia, na mikono yake ni hiyo hiyo, umempa wewe. Mtoto wa kiume naye msimwite mwanaume kwa sababu kamaliza sahani mbili, wala mwembamba msimwite mbavu za mbwa.

Kama mtoto anakoroma sana usiku, anachoka upesi, anakunywa maji na kukojoa kupita kawaida, au shingo kwa nyuma imekuwa nyeusi na ngumu kama ambaye haogi wakati anaoga, mpeleke hospitali apimwe, sukari ikiwemo, na omba kumwona mtaalamu wa lishe. Majani na vidonge vya mtaani mtoto hapewi. Mkiwa njiani mwambie mnakwenda kuangalia afya, na ukiwa na maneno ya kumwambia daktari kuhusu kilo zake, mtoe nje kwanza.